Upondo wa Nahodha na Utabiri wa Hali ya Hewa

Wengi wetu huusikia utabiri wa hali ya hewa redioni, na ukikosea twacheka. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka kilipokuja Kimbunga Hidaya. Napenda kueleza kwa kifupi jinsi utabiri unavyotengenezwa, na kwa nini kupima mahali panapostahili kwaweza kuokoa watu.

Kwetu ni Mahege, wilaya ya Kibiti. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua ya mizigo iendayo Mafia kutoka Nyamisati. Likizo moja nilifuatana naye katika delta ya Rufiji, maji yakikupwa. Niliona kwamba hachomi upondo kila mahali. Njia anaijua, lakini mchanga huhama. Kwa hiyo hupima pale anapotia shaka, hasa mahali ambapo kukosea ni kukwama mpaka maji yajae. Wala haamini upondo peke yake, maana penye tope laini huzama ukadanganya. Huchanganya alijualo na alipimalo.

Wataalamu wa hali ya hewa hufanya vivyo hivyo. Kompyuta haiwezi kuijua kesho pasipo kuijua leo. Basi huanza na makisio, yaani utabiri uliofanywa saa chache nyuma, kisha huyasahihisha kwa vipimo vya vituo, meli, maputo na setilaiti. Baharini yako maboya ya Argo, yapata 4,000 duniani, ambayo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku 10 hivi kuleta habari za joto na chumvi ya maji. Kila kipimo hupewa uzito kwa kadiri kinavyoaminika. Tuseme makisio yanatoa nyuzi 28 na boya nyuzi 30. Ikiwa boya lina uzito mara tatu ya makisio, jibu ni nyuzi 29.5. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kimbunga hupata nguvu zake katika maji ya moto.

Tena kosa dogo hukua. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa Marekani aliingiza katika kompyuta 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyoipata baadaye ikawa nyingine kabisa.

Lakini hapana awezaye kupima kila mahali. Kwa hiyo wataalamu hukadiria kwanza ni wapi ambapo kosa la leo litaleta hasara kubwa kesho, kisha hupeleka vipimo huko. Mwanzoni mwa mwaka 1997 jambo hili lilijaribiwa kwa ndege katika Atlantiki ya Kaskazini. Hata leo ndege za Marekani huingia katika vimbunga vya Atlantiki na kudondosha vipimo vyenye miavuli midogo.

Katika pwani yetu vimbunga ni nadra. Kimoja kiliipiga Unguja mwaka 1872, kingine Lindi mwaka 1952, wakati ambapo hapakuwa na setilaiti ya kuwaonya watu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Hidaya ilipokuwa bado mbali baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari. Mjomba alikuwa amekwisha pakia mchele. Bahari ilikuwa shwari, na wenye mali walimhimiza aondoke. Alikataa, akaifunga mashua ndani ya mikoko. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia. Mimi nilikuwa hapa bwenini, na kwa siku tatu sikujua kama yu hai.

Baadaye nilimwuliza kwa nini aliamini redio kuliko bahari. Akajibu, "Mwanangu, mimi nilipima hadi macho yangu yanapoishia. Wao walikuwa wamepima nisikokuona."

Neno hilo lilinichoma. Zamu yangu ya kusoma kipimamvua cha shule ilipofika, asubuhi moja niliandika sifuri bila kutoka kitandani. Kama vipimo vyote vingeandikwa hivyo, mjomba angalisafiri. Wenzangu, tusiucheke utabiri, bali tuusaidie: tukipewa kazi ya kupima, twende tukaone kwa macho yetu, ndipo tuandike.