KIYOYOZI NDANI YA GARI KUUKUU

Dereva atokaye Kasese kwenda Bwera saa nane za mchana huiacha milima ya Rwenzori, yenye kilele cha theluji cha mita 5,109, upande wake wa kulia, ilhali yeye na abiria wake wanaloa jasho. Sababu ni kwamba barabara ile hupita chini, katika tambarare ya bonde la ufa, karibu na Kikorongo ambako mstari wa ikweta hukatiza. Vioo vikifunguliwa, vumbi huingia. Vikifungwa, gari huwa tanuri. Mama aliyejifungua juzi, au mtoto mwenye homa anayepelekwa hospitali, huteseka kuliko wote.

Familia nyingi za watumishi zingali na magari ya zamani yaliyotunzwa vizuri. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Basi, aliye nacho chombo imara cha zamani hana budi kukitunza. Je, yafaa kukitia kiyoyozi? Yafaa, endapo kazi itafuata utaratibu.

MTUNGI NA KOMPRESA

Kila mama wa nyumbani ajua kwamba maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu unyevu hupenya na kukauka juu ya ngozi ya mtungi, na ukaukapo huchukua joto. Kiyoyozi hufanya vivyo hivyo, ila kimiminika chake hakipotei. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huibana gesi mpaka ikawa moto. Gesi hiyo huenda kwenye kondensa, mbele ya rejeta, ambako upepo huipoza ikawa kimiminika. Kikisha kukaushwa unyevu wake katika chujio, kimiminika hupenya tundu jembamba la vali na kuingia katika evaporeta, chini ya dashibodi. Humo huchemka ghafla, hunyonya joto la chumba cha abiria, na feni hupuliza hewa baridi.

KWANZA AFYA YA GARI

Kompresa hula nguvu za injini. Injini ya Peugeot 404 ya lita 1.6 ina nguvu za farasi zipatazo 70 tu. Kwa hiyo mzigo huo huhisika, hasa mlimani. Tena kondensa humwaga joto lake mbele ya rejeta iliyokwisha zeeka. Gari linalochemka leo bila kiyoyozi, kesho litachemka mara mbili. Safisha rejeta, kagua pampu ya maji, badilisha mipira, kisha ongeza feni ya umeme. Injini ya kabureta hutaka pia kifaa cha kuinua mzunguko kidogo kompresa inaposhika, isije ikazima njiani.

Umeme nao una masharti. Magari mengi ya zamani yalikuwa na dainamo isiyoweza kulisha feni mbili na sumaku ya kompresa, hasa injini ikiwa katika mzunguko mdogo. Itabidi kufunga alteneta, pamoja na nyaya nene na fyuzi za peke yake. Baadhi ya magari ya Kiingereza ya zamani yana ncha chanya ya betri iliyounganishwa na bodi. Fundi asiyelitazama hilo ataiunguza alteneta siku ya kwanza.

Kabla ya yote hayo, ziba matundu. Badilisha raba za milango zilizopasuka, tandika sakafuni kitambaa kizito cha kuzuia joto, na funika ukuta utenganishao injini na abiria. Kazi hii ina gharama ndogo na faida kubwa. Wengine huiona yatosha, wakaacha hapo. Fauka ya hayo, tundu la sakafuni huweza kuvuta moshi wa ekzosi, nao una sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

GESI SI YA MCHEZO

Zamani viyoyozi vya magari vilitumia gesi ya R-12. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliipiga vita kwa kuwa hula tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia ifikapo mwaka 2010. Magari mengi yakahamia R-134a, ambayo haili ozoni ingawa hulitia dunia joto. Hivyo isiachiwe hewani ovyo. Hutaka mafuta yake maalumu na mipira inayoihimili. Mtu anunuaye mabaki ya mtambo wa zamani na kuyajaza gesi hii bila mabadiliko atavuja fedha pamoja na gesi.

Yapo mambo matatu ya kukataa katakata. La kwanza, kujaza gesi ya kupikia: ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuwateketeza wote. La pili, kupima uvujaji kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea vyuma: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta hulipuka. Fundi stadi hutumia naitrojeni na povu la sabuni. La tatu, kujaza gesi kabla ya kunyonya hewa yote kwa pampu, yapata nusu saa au zaidi. Unyevu ukibaki, huganda katika vali na kuziba njia. Miwani na glavu pia ni lazima, kwani R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na huunguza jicho kwa baridi.

MATUMIZI NA MFUKO

Gari likiwa limesimama juani, fungua milango kwanza, joto litoke, ndipo uwashe. Mshale wa joto ukipanda mlimani, zima kiyoyozi bila kusita. Usiwaache watoto ndani ya gari lililofungwa, wala usilale humo injini ikiunguruma.

Kwa upande wa fedha, mkubaliane na fundi kwa maandishi, mkilipa kwa awamu: rejeta na umeme kwanza, mtambo baadaye. Karo ya shule haingoji, na breki mbovu hazingoji. Kiyoyozi chaweza kungoja. Lakini mwenye gari aliyefuata mpango huu atafika Bwera na abiria wasio na vumbi, injini haijachemka, na mtoto mgonjwa amelala kwa utulivu katika kiti cha nyuma.