Maziwa hayaoshi mapafu, buda: Nilichojifunza mlangoni mwa matatu

Mwaka niliokuwa makanga, kila asubuhi nilikuwa natema kitu cheusi. Nilikuwa nimeacha koleji, karo imegoma, na msee mmoja wa mtaa akanitafutia mlango kwenye ruti moja ya Eastlands. Saa kumi na moja alfajiri niko stegi, saa nne usiku ndio nashuka. Siku nzima nimening'inia, pua ikitazamana na ekzosi za lori na mat zingine.

Dere wetu, mzee aliyezeekea barabarani, aliniambia nisiogope. "Hiyo ni moshi inatoka. Piga pakiti ya maziwa kila jioni, utakuwa fiti." Nikapiga. Karibu mwaka mzima.

Ukienda Kamukunji kwa mafundi wa vyuma utasikia hadithi hiyo hiyo. Shida ni kwamba maziwa yanafuata ruti ya chakula hadi tumboni, na moshi unafuata ruti ya hewa hadi kwenye mapafu. Zikishapita koo, ruti hizo mbili hazikutani tena. Unaweza kumaliza krate nzima na hakuna tone litakalogusa masizi.

Aliyenifungua macho ni daktari wa kliniki ndogo ya mtaani. Kikohozi kilikuwa na wiki tatu. Akanipima TB kwanza, haikuwa TB. Halafu akauliza, "Kijana wangu, unafanya kazi gani?" Nilipomwambia, akachukua bahasha ya dawa akachora bomba.

Ndani ya bomba hilo, yaani njia ya hewa, kuna utando wa seli zilizobanana kama vigae. Nyingi zina vinyweleo juu yake, karibu 200 kwa kila seli, na vinapiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vyote vikielekea upande mmoja: juu, kwenye koo. Katikati yao kuna seli zinazotoa ute. Ute unanasa vumbi, vinyweleo vinausukuma juu, wewe unaumeza bila hata kujua. Hiyo ndiyo maziwa yako, ilikuwa ndani tangu uzaliwe. Na kazi si mchezo, maana mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku.

Sasa leta moshi wa dizeli kila siku. Vinyweleo vinalegea, vingine vinakatika. Seli za ute zinaongezeka na kumwaga ute mzito kupita kiasi, lakini wa kuusukuma hawapo. Ndiyo maana unaamka kifua kimejaa na inabidi ukohoe kwa nguvu. Kwa hivyo lile kohozi jeusi nililoambiwa ni dalili ya kupona lilikuwa dalili kwamba ufagio unavunjika.

Haiishii hapo. Vile vigae vinaanza kuachana. Katika nyufa zile hupenya vumbi, chavua, hata virusi, na seli zilizoumia zinaita askari wa damu. Njia inavimba, inabana. Kama una pumu, hapo ndipo unaanza kutafuta inhela mfukoni.

Kuna chembe ndogo zaidi, zinaitwa PM2.5. Upana wake haufiki hata mikromita 2.5, na unywele mmoja wa kichwa chako ni kama mara 30 ya hapo. Hizi hazijali ufagio. Zinapita hadi kwenye vifuko vya hewa, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipunguza kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Na tangu 2012 wataalamu wake wa saratani wameuweka moshi wa dizeli kundi moja na sigara. Mimi sijawahi kuvuta sigara, na nilikuwa najivunia hiyo!

Si makanga tu. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya sabini, likatangazwa limejaa 2001, na bado taka zinachomwa. UNEP, ambao makao yao ni hapa hapa Gigiri, walitoa utafiti 2007 wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Karibu nusu walikuwa na matatizo ya kupumua. Hao hawakuchagua mlango wa mtu. Na jiko la makaa ndani ya keja, dirisha likiwa limefungwa, ni ekzosi tu isiyo na magurudumu.

Daktari alinipa habari moja nzuri. Chini ya utando kuna seli za akiba zinazojigawa na kuziba mahali palipoumia, mradi moshi upungue. Nilitoka barabarani, na baada ya miezi michache weusi uliisha. Sisemi kila mtu atakuwa hivyo. Ukikaa miaka mingi, makovu yanabaki na njia inabana kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi vizuri. Ile ya N95 inasaidia ikikaa sawasawa usoni, ingawa jaribu kuita abiria ukiwa nayo.

Kijana aliyechukua mlango wangu ana miaka 19. Juzi nilimkuta stegi na pakiti ya maziwa. Nikamuuliza asubuhi anatema rangi gani. Akacheka, kisha akauliza hiyo kliniki iko wapi.