Sura ya Sita: Njaa Si Ugonjwa wa Akili

Kila nizungumzapo matatizo ya ulaji, husikia kauli mbili. Moja, binti akikataa kula amerogwa. Hiyo siipotezei wino: mganga anayemchelewesha kufika hospitali anaweza kumuua. Nyingine, eti ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2004 watafiti nchini Ghana walieleza habari za wanafunzi 10 wa kike wa sekondari waliojinyima chakula hadi kukonda. Hawakuhofia unene, waliona kufunga ni ibada.

Wasomi nao wana kosa lao: kulitia dodoso la matatizo hayo Kiswahili fasaha, kisha kuanza kuhesabu wagonjwa. Kurekebisha dodoso kuna hatua tatu: kutafsiri, kuwahoji wajibuji, kulipima dodoso lenyewe. Nilikusudia kuzieleza kwa zamu, lakini ya pili ndiyo inayorukwa, basi tukae hapo.

Chukua EAT-26, dodoso la mitazamo ya ulaji la Garner na wenzake, la mwaka 1982. Jibu la "daima" hupata alama 3. Anayefikisha 20 huelekezwa kwa mtaalamu. Sasa mpe mama wa Wamaza, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, ambaye mpunga umemwishia na mavuno bado. Anaacha kula ilhali ana njaa, ili bugali na sombe viwatoshe watoto. Samaki humkata vipande vidogo vidogo. Sukari haigusi, hana pesa. Jamaa wanamsihi ale zaidi. Kutwa anawaza chakula, muda wake wote unaishia humo, na chakula ndicho kinachoendesha maisha yake. Maswali saba, "daima" saba: alama 21. Tafsiri haina kosa hata moja, na mama ametangazwa mgonjwa.

Hayo si ya kubuni tu. Afrika Kusini, Le Grange na wenzake walipowahoji vijana weusi maskini waliopata alama za juu, walikuta majibu mengi yakizungumzia ufukara. Kasongo nako, huko huko Maniema, penye Waislamu tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, dodoso likigawiwa Ramadhani litawakusanya wafungaji.

Wengine husema: pandisheni kiwango kiwe 30. Upuuzi! Mama atabaki na njaa yake, na binti anayejificha nyuma ya mfungo atapita bila kuonekana. Dawa ni kumuuliza mjibuji kwa nini amejibu hivyo, kisha daktari asiyezijua alama zake amhoji upya. Hilo linawezekana: Bunia, mkoani Ituri, nako Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulirekebisha madodoso ya kiwewe na msongo kwa kuishirikisha jamii yenyewe. Kwa hiyo Maniema haina kisingizio.

Ukiletewa takwimu za dodoso lisilopitia mahojiano hayo, zirudishe.