Kabla ya Kupiga Hema, Tazama Mwezi

"Mwanangu, leo bamvua. Ukivuka, urudi kabla ya saa sita." Mzee wa Ununio aliyaitikia maamkizi yangu hivyo, macho hayakutoka kwenye wavu aliokuwa akiushona. Nilivuka hori saa nne asubuhi, maji yakiishia vifundoni, nikashika ufukwe kuelekea Mbweni. Niliporudi saa nane, mikoko ilikuwa imezama nusu. Nilikaa mwambani hadi adhana ya isha.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Siku moja au mbili baadaye ndipo maji hujaa sana na kupwa sana; hiyo ndiyo bamvua, na hapa Dar es Salaam tofauti hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa kama mita 1 tu.

Pwani yetu ina bahati: kila bamvua huja na saa zilezile. Maji hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Ndiyo maana wachokoa pweza utawaona miambani asubuhi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki ratiba imepinduka: saa nne asubuhi bahari imejaa.

Wanaoumia zaidi ni wanaolala Mbudya, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Saa mbili usiku wanaona mchanga mpana, laini, unaozidi kupanuka, wanapiga hema hapohapo. Alfajiri wanabeba magodoro yaliyolowa. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti; maji yamewahi kufika pale. Hema lipige juu zaidi ya hapo. Maji ya kunywa beba mwenyewe.

Miguuni vaa raba. Malapa hayawezi matumbawe ya kale, makali kama wembe. Wala usikae ukingoni mwa mwamba, kwa chini mawimbi yameshautafuna.

Ukikuta bahari imejaa, pitisha saa kwenye magofu ya Kunduchi, kwenye makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Mimi huona hayo yanashinda kuogelea.

Na kabla hujamlipa nahodha, muulize kwanza: leo bamvua au maji mafu?