Kukariri insha hakumvushi mtu mtihani wa Kiingereza

WIKI mbili zilizopita simu yangu ililia nikiwa katikati ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Aliyepiga ni muuguzi anayefanya kazi mjini Garissa, mwanafunzi wangu wa zamani niliyemfunza Kiswahili katika kidato cha kwanza na cha pili. Baada ya zile salamu ndefu za Wasomali, ambazo mtu hawezi kuzikatiza bila kuonekana hana adabu, alinyamaza kidogo kisha akasema: “Mwalimu, nimeanguka Kiingereza. Sasa nifanyeje?”

Alikuwa amefanya IELTS, mtihani wa kupima umilisi wa Kiingereza ambao hospitali, vyuo na idara za uhamiaji katika mataifa mengi huutegemea. Alama zake zilikuwa hizi: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6. Wastani wake ni 7, na kwa watu wengi hayo ni matokeo mazuri. Lakini baraza linalosajili wauguzi Uingereza hudai 7 katika stadi tatu na angalau 6.5 katika kuandika. Nusu alama ndiyo iliyomfungia mlango. Ada ya makumi ya maelfu ya shilingi, nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, na siku za likizo alizozibana kwa miezi, vyote vimekwenda na maji.

“Ati mimi sijui Kiingereza, mwalimu? Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne!”

Malalamiko yake si ya mtu mmoja. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinataja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiswahili. Hata hivyo, katika orodha ya mataifa ambayo serikali ya Uingereza huwasamehe raia wake mtihani wa Kiingereza, hakuna taifa hata moja la Afrika. Jamaica imo, Malta imo, Kenya haimo. Na Wakenya wengi walipigwa na butwaa pale aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alipofichua kuwa kati ya wauguzi 300 waliotafuta kazi Uingereza chini ya mkataba wa 2021, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa lugha.

Inawezekanaje mtu aliyesoma, akafanya mitihani na kuhitimu kwa Kiingereza ashindwe kwa Kiingereza hicho hicho? Yapo majibu ya kisiasa, na yana uzito wake. Leo ningependa kulijibu swali hili kwa upande wa lugha, kwa sababu huko ndiko nilikogundua kwamba mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya lawama.

Si matamshi

Wengi wanaposikia Msomali ameshindwa mtihani wa Kiingereza, hukimbilia kusema tatizo ni matamshi. Ni kweli kwamba Kisomali, ambacho kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka wa 1972, hakina sauti /p/, /v/ wala /z/. Polisi kwa Kisomali ni “booliis”, na pasipoti, hati yenyewe anayoitafuta muuguzi wetu, ni “baasaboor”. Kadhalika, Kisomali hakikubali konsonanti mbili zifuatane mwanzoni mwa neno, ndiyo maana “school” ikawa “iskuul”. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka wa 1957 kuhusu ulinganishi wa lugha, alihoji kuwa pale lugha mbili zinapotofautiana ndipo mwanafunzi hutatizika. Muuguzi wetu husema “bresha” anapotaja presha ya mgonjwa, na hilo lingemfurahisha Lado.

Lakini tazameni alama zake tena. Katika kuzungumza alipata 7. Mtahini wa IELTS hapimi kama lafudhi yako ni ya London au ya Bura. Anachopima katika matamshi ni iwapo unaeleweka bila msikilizaji kutaabika. Isitoshe, Kisomali hutofautisha irabu fupi na ndefu. Kwa hiyo Msomali huzisikia “ship” na “sheep” kuwa maneno mawili kwa wepesi kuliko wengi wetu tuliokulia katika Kiswahili. Mahali ambapo /p/ na /b/ zinaweza kumponza ni katika kusikiliza, kwa kuwa jibu lenye tahajia mbovu huhesabiwa kosa. Hapo pia alipata 7.5. Ugonjwa, basi, ulikuwa kwingine.

Insha tano, mwanzo mmoja

Nilimwomba anitumie insha alizoziandika alipokuwa akijiandaa. Alizipiga picha akanitumia tano kwa WhatsApp. Moja ilihusu mitandao ya kijamii, nyingine uchafuzi wa hewa, nyingine masomo ya wasichana. Zote tano zilianza kwa sentensi ile ile: kwamba suala hili limezua mjadala mkali katika ulimwengu wa leo. Zote zilimalizikia kwamba kila jambo lina faida na hasara zake. Katikati, lugha ilibadilika ghafla. Sentensi za mwanzo na mwisho zilikuwa nadhifu kama nguo za Idi. Za katikati zilikuwa zake mwenyewe, fupi, zenye kusitasita, na nyakati za vitenzi zikigongana.

“Hizi za mwanzo umezitoa wapi?” nikamuuliza.

“Kwa kijitabu, mwalimu. Kila mtu anakitumia.”

Mtahini aliyefunzwa kazi yake hutambua kiraka cha namna hiyo mara moja. Insha ya pili ya IELTS, isiyopungua maneno 250, ina uzito mara mbili wa ile ya kwanza na hupimwa kwa vigezo vinne: kujibu swali, mtiririko na mshikamano wa hoja, utajiri wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi. Sentensi iliyokaririwa haijibu swali lolote, maana iliandikwa kabla swali halijaulizwa. Anayesoma huishia kuipuuza, na kinachobaki kupimwa ni zile sentensi zenye kusitasita.

Hapo ndipo nilipojitambua. Kijitabu alikinunua, lakini tabia ya kukariri alijifunza kwangu. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni mianzo ya insha: mwanzo wa mapambazuko, mwanzo wa mvua, mwanzo wa safari. Wanafunzi walinakili, wakakariri, nami nikawapa alama za juu kwa “lugha ya mnato”. Mada iwe ajali au arusi, jua lilichomoza vile vile. Wataalamu wa tathmini huzungumzia athari ambayo mtihani huwa nayo kwa ufundishaji. Charles Alderson na Dianne Wall, mwaka wa 1993, walituonya tusidhani kwamba athari hiyo hujitokeza tu yenyewe. Ni mwalimu anayeamua mtihani utamfanya afunze nini. Mimi niliamua kufunza mapambo.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Novemba 2014, abiria 28, wengi wao walimu, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Januari iliyofuata, wengi wetu tuliotoka nje ya eneo hilo tulikataa kurudi. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Mwaka wa 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wengine wengi wakaondolewa. Sijutii kuyaokoa maisha yangu. Lakini msichana niliyemwacha akimaliza kidato cha pili alinisimulia kuwa alifika kidato cha nne akiwa amekaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa Kiingereza. Pale ambapo hakuna mtu wa kuisoma insha yako na kukuuliza “unamaanisha nini hapa?”, kijitabu cha kukariri ndicho kinachobaki.

Kiingereza cha wodi na Kiingereza cha karatasi

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya wenye lugha zaidi ya moja, alitenganisha mwaka wa 1979 umilisi wa mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya kitaaluma. Ule wa kwanza husaidiwa na uso wa mwenzako, mikono yake na mambo mnayoyaona pamoja. Wa pili hauna msaada huo: msomaji hakuoni, hakujui, wala hawezi kukuuliza. Mtu anaweza kuwa hodari katika wa kwanza na bado akalegea katika wa pili. Tofauti ya 7 na 6 katika matokeo ya muuguzi wetu inaeleza jambo hilo kuliko ninavyoweza mimi.

Lipo pia suala la mpangilio wa hoja. Mwaka wa 1966 Robert Kaplan alidai kwamba kila utamaduni una njia yake ya kupanga hoja, na kwamba Kiingereza hupenda kwenda moja kwa moja. Amekosolewa sana kwa kuzigawa jamii kwa mistari minyoofu mno, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo, aliyewahi kuketi katika “shir”, baraza la Wasomali, anajua kuwa mzungumzaji stadi haanzi kwa kutoboa msimamo wake. Huanza kwa methali, akapita kwenye kisa, akawaheshimu waliotangulia kusema, ndipo akafika. Insha ya IELTS inataka msimamo ujulikane mapema, kisha sababu, mfano, na jibu kwa anayepinga. Hakuna njia iliyo bora kuliko nyenzake. Ila kila mahali pana itifaki yake, na mgeni huuliza viatu vinavuliwa wapi.

Mazoezi yenye tija

Nilimpa ushauri ambao ningempa yeyote anayejiandaa.

Kwanza, muundo wa mtihani ujue upesi na uachane nao. Kusikiliza ni maswali 40 kwa takriban dakika 30. Kusoma ni maswali 40 kwa saa moja. Kuandika ni kazi mbili kwa saa moja. Mazungumzo ni dakika 11 hadi 14. Haya hujifunzwa kwa juma moja. Miezi inayobaki ni ya lugha.

Pili, andika kwa saa ya ukutani, dakika 40 kwa insha ya pili, bila simu wala kamusi. Iache ilale. Kesho yake isome kama mtu asiyekujua, na upige mstari chini ya kila sentensi ambayo ingeweza kukaa katika insha ya mada nyingine yoyote. Hizo zifute.

Tatu, chukua kazi unayoifanya tayari uigeuze mazoezi. Mgonjwa humweleza muuguzi wetu maumivu kwa Kisomali, yeye humweleza daktari kwa Kiswahili, kisha huandika faili kwa Kiingereza. Ni lugha tatu kabla ya chai ya saa nne! Nilimwambia aandike kila jioni aya moja ya Kiingereza juu ya uamuzi mmoja uliofanywa wodini: ulikuwa sahihi au la, na kwa nini.

Nne, zungumza mbele ya watu. Katika sehemu ya pili ya mazungumzo hupewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, na dakika moja hadi mbili za kusema peke yako. Niliwahi kuketi na vijana wa kambi ya Ifo, Dadaab, waliokuwa na ndoto ya kwenda Kanada. Tangu 1978 shirika la WUSC la huko hufadhili wanafunzi wakimbizi katika vyuo vikuu, na Dadaab, kambi zilizoanzishwa 1991, ni mojawapo ya mahali linapowachagua, kwa kutazama matokeo ya KCSE, mahojiano na Kiingereza chao. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo kwa vijana wale mtihani ulikuwa barabara yenyewe. Hawakuwa na kijitabu. Walikaa duara chini ya mti, mmoja akasimama na kuzungumza dakika mbili, kisha wenzake wakamwandama kwa maswali hadi akatokwa na jasho. Ilikuwa “shir” hasa, ila kwa Kiingereza. Nilipaswa kuwaiga darasani mwangu.

Muuguzi wetu alinitumia insha yake ya kwanza isiyokaririwa siku tano baadaye. Nilikuwa nimemuuliza iwapo jamaa za wagonjwa waruhusiwe kulala wodini. Aliandika maneno 231, pungufu ya yanayotakiwa, na makosa hayakukosa. Lakini sentensi ya kwanza ilisema waziwazi kwamba waruhusiwe, na ya pili ilieleza juu ya bibi mmoja kutoka kijiji cha mbali aliyekataa dawa hadi mjukuu wake aliporuhusiwa kuketi kando ya kitanda. Nilisoma hadi mwisho bila kutaka kuruka mstari.

“Macallin,” aliniandikia, akitumia lile neno la Kisomali la mwalimu, “hii imenichosha kuliko zile tano.”

Nikamjibu kuwa hiyo ni dalili njema. Tumekubaliana awe akinitumia insha moja kila Ijumaa hadi siku atakaporudi kwenye chumba cha mtihani, nami nimrudishie na maswali kufikia Jumapili. Ya wiki hii imeshaingia. Nitaisoma nikishayawasilisha makala haya kwa mhariri.