Fahamu: Kifaa kisicho na leseni kinavyoweza kugandisha televisheni ya jirani

Enzi za analojia, mawimbi yakiingiliana uliona chenga kwenye kioo, lakini taarifa ya habari uliifuata. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Desemba 31, 2012, hali ni nyingine: king'amuzi husahihisha makosa hadi kikomo fulani, kikomo kikipitwa, picha huganda au hupotea kabisa.

Wengi hulaumu Wi-Fi. Mara nyingi wanaionea, kwani hutumia gigahezi 2.4 na 5, mbali na megahezi 470 hadi 694 za televisheni. Washukiwa wa kweli ni baadhi ya maikrofoni zisizo na waya, hasa zile za ukumbini zinazorusha ndani ya masafa hayo bila kibali.

Kisiwani Pemba, tatizo huongezwa na vilima. Kifaa kinachotafuta masafa matupu kikiwa bondeni kinaweza kupima, kisisikie mtambo wowote, kikaamini masafa ni matupu na kuanza kurusha. Kumbe antena juu ya paa la jirani mlimani ilikuwa ikipokea vizuri! Kwa hiyo kupima tu hakutoshi. Panahitajika hifadhidata inayoonyesha masafa yapi yanatumika wapi. Mwaka 2013 Microsoft na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) walitangaza jaribio la intaneti kwenye masafa matupu ya televisheni, Dar es Salaam. Teknolojia hiyo ikielekezwa Pemba, naamini vipimo vinapaswa kuchukuliwa bonde kwa bonde kwanza.

Picha ikiganda saa zilezile kila mara, andika saa na chaneli, kisha uwaarifu TCRA, wasimamizi wa masafa hadi Zanzibar.