Tembe za Huzuni na Miraa

Leo tutajibu swali ambalo akina mama wa Gotu huniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, kijana wangu amepewa tembe za huzuni hospitalini, lakini jioni bado anakula miraa. Je, kuna hatari?"

Ndiyo, hatari ipo.

Miraa inayotufikia kutoka Maua ina kemikali iitwayo katinoni, ambayo ni ndugu ya amfetamini. Huamsha ubongo, huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kufukuza usingizi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Hapa Kenya ni zao halali, na kwa sababu hiyo wengi hawamtajii daktari. Lakini mwili haujui sheria.

Sasa tuangalie tembe mbili zinazotolewa mara nyingi.

Ya kwanza ni amitriptilini, inayomezwa usiku. Hukausha mdomo, hufunga choo na kuharakisha moyo. Miraa nayo hufanya hayo hayo. Ni mizigo miwili juu ya punda mmoja. Tena, miraa hupunguza nguvu ya ini ya kuondoa baadhi ya dawa, hii ikiwa mojawapo, kwa hiyo dawa inaweza kuzidi mwilini.

Ya pili ni fluoksetini. Hii huongeza kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Ikichanganywa na vichangamshi, serotonini inaweza kupita kiasi. Si jambo la kila siku, lakini likitokea ni la hatari.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Stimu ya miraa ikiisha usiku, mtu hubaki macho, moyo mzito. Asubuhi husema, "Tembe hazifanyi kazi," kisha huzitupa. Kumbe tembe hizi huhitaji wiki 2 hadi 4 kabla ya kuleta nafuu, na miraa ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mama, ufanye nini?

1. Mwambie muuguzi au daktari ukweli: anakula miraa kiasi gani na saa ngapi. Hatutamkemea. Tunataka kumchagulia dawa inayomfaa.

2. Asiache tembe ghafla bila ushauri, wala asiongeze kipimo mwenyewe.

3. Msaidie kuacha miraa. Akishindwa kuacha mara moja, apunguze kidogo kidogo.

4. Weka tembe mbali na watoto. Amitriptilini chache tu zinaweza kumuua mtoto mdogo.

5. Ikiwa ni wewe unayemeza tembe na unanyonyesha, usile miraa. Kemikali zake hupita katika maziwa hadi kwa mtoto.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona moyo unadunda ovyo, maumivu ya kifua, homa na jasho jingi, kutetemeka, mwili kukakamaa, kuchanganyikiwa au kifafa. Beba pakiti ya dawa. Kutoka Gotu hadi Isiolo mjini ni safari, basi usingoje kupambazuke.

Na akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Ficha tembe, mwite jirani, mje naye.

Mama, huzuni hii ni ugonjwa kama malaria, na hutibika. Usione haya kusema. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.